Salamu za Mashoto

Simu iliyolia ilikuwa ya marehemu. Mama yake alikuwa akiichaji kila asubuhi na kuirudisha juu ya kabati, na sonara hakuwahi kumuuliza mkewe kwa nini. Siku ile mkewe alikuwa sokoni. Simu ikalia mpaka ikakata, ikaanza upya, na kwenye kioo chake likatokea jina ambalo binti yao alikuwa amelihifadhi mwenyewe: Madam Kioo. Sonara akaweka tupa mezani, akafuta mikono kwenye suruali, akapokea.

"Wewe Mashoto, umeolewa bila kutuambia?" Sauti ya kike ilianza kabla hajatamka neno. "Kabati langu limebaki na bangili tatu tu. Napiga hupokei, natuma ujumbe hujibu. Kama umepata duka linalolipa kuliko langu, sema tu, tuachane kwa heri."

"Ni baba yake," alisema sonara.

"Aa, shikamoo mzee. Samahani, nilidhani ni mwenyewe. Mwambie mzigo umeisha. Mwambie hata zile zenye shanga za buluu, alizosema hakuna atakayezitaka, zimekwenda zote. Aje haraka, kuna kazi kubwa."

"Nitakuja mimi."

Alikuwa na sentensi nyingine tayari mdomoni. Ilikuwa fupi, na alikwisha kuisema kwa ndugu, kwa majirani na kwa karani aliyeandika cheti. Lakini yule mwanamke alishukuru na kukata simu, na sentensi ikabaki pale pale.

Kichwa kilianza kumuuma binti Jumapili, na Alhamisi wakamzika. Alikuwa mtoto wao pekee. Tangu alipozaliwa, mume na mke waliitana baba yake na mama yake, na baada ya mazishi hakuna aliyejua waitaneje vinginevyo, wakaendelea hivyo hivyo.

Sonara alikuwa fundi wa dhahabu na fedha, ingawa siku hizi watu walimletea zaidi mikufu iliyokatika na pete zilizogoma kutoka vidoleni. Binti yake alijifunza kwenye meza ile ile ya sebuleni, kisha akakimbilia waya wa shaba: bangili za kusokota, hereni, vikuku. Sonara aliziita waya wa kuanikia nguo. Binti alizitia kwenye begi, akazunguka nazo mjini, akiziacha kwa wenye maduka kwa mali kauli: zikiuzwa analipwa, zisipouzwa anarudishiwa. Sasa zilikuwa zimekaa kwenye makabati ya watu, na watu wenyewe hawakujua. Sonara aliona kazi iliyo mbele yake ni ya asubuhi moja. Atapita kwenye maduka, atawaambia, atakusanya kilichobaki, atarudi.

Alinyoa ndevu, akavaa shati la mikono mirefu, akatoka kabla mkewe hajarudi.

*

Duka la Madam Kioo lilikuwa na ukuta mzima wa vioo kuelekea barabarani, na mlinzi mlangoni.

"Wauzaji wanapita nyuma, mzee."

"Mimi siuzi kitu."

"Na wasiouza ndio kabisa," alisema mlinzi, bila ukali. "Pita nyuma, watakusikiliza."

Alipita nyuma. Akasimama kati ya maboksi na sanamu za plastiki zisizo na vichwa, mpaka msichana mmoja akaja kumchukua. Madam alikuwa katikati ya duka na tepu ya kupimia shingoni, mdomoni ana pini mbili. Mteja mmoja alikuwa mbele ya kioo na gauni ambalo zipu yake imegoma katikati ya mgongo. Mwingine alikaa kwenye kiti akijipepea kwa bahasha.

"Huyu ndiye baba yake Mashoto," Madam aliwatangazia, akitoa pini mdomoni. "Yule mtoto wa bangili. Baba ana dhahabu, mtoto ana waya, na mtoto ndiye anayeuza."

Wanawake wakacheka. Sonara naye akacheka, kwa adabu.

"Haya, mwenyewe yuko wapi?"

Alikuwa amejiandaa kumwambia mtu mmoja, mahali penye utulivu. Hapa walikuwa watatu, na mmoja yuko mgongo wazi. Kila sonara amewahi kumwambia mteja kwamba pete yake iko karibu kwisha, na pete yenyewe haijaguswa. Ulimi wake ulishika njia hiyo hiyo iliyozoeleka.

"Ana kazi nyingi," alisema.

"Mimi nilijua! Nilisema ananikimbia." Madam alimvuta kwa mkono wa shati mpaka kwenye kabati la kioo. "Sasa sikiliza. Nina bi harusi na wapambe sita. Wanataka bangili kama hii, kila mmoja moja. Ya bi harusi iwe pana. Na Mashoto alimwahidi kuja mwenyewe kumvisha na kuibana mkononi, siku ya kujaribu gauni. Jumamosi hii. Mzigo niupate Ijumaa. Ataweza?"

Sonara alitazama bangili tatu zilizokuwa kwenye kitambaa cheusi. Kila moja ilikuwa nyaya mbili zilizosokotana kuelekea kushoto, upande ambao fundi mwingine yeyote asingeanzia. Ndiyo maana wakamwita Mashoto.

"Ataweza," alisema.

*

Nje alijitukana kimyakimya, akaamua ajaribu kwanza kwa mtu laini. Saluni ilikuwa mtaa wa pili. Mwenye saluni, mwanamke mnene mwenye vicheko, aliuza hereni za binti kutoka kwenye ubao alioupigilia kando ya kioo.

"Usiniambie wewe nani," alisema, mikono imejaa povu la kichwa cha mteja. "Wewe ni baba yake Mashoto. Mwendo wako nimeshauona humu ndani mara ngapi."

"Sijawahi kufika hapa."

"Wewe hujafika. Yeye anakuleta." Alimwachia mteja povu lake, akainama kidogo, mkono mmoja mgongoni, jicho moja kalifumba kana kwamba ameshikilia lenzi, akaburuta miguu kutoka mlangoni mpaka kwenye beseni. "'Nani kagusa tupa yangu? Eti tupa ya kucha! Humu ndani watu hawana heshima na chuma!'"

Mashine za kukaushia nywele zilikuwa zinaunguruma, lakini wanawake waliokuwa chini yake walisikia vya kutosha, wakaangua kicheko. Sonara hakujua kwamba anatembea hivyo. Hakujua hata kidogo kwamba anachekesha. Alicheka mpaka akatoa leso, na hakuna aliyemuuliza kwa nini anajifuta muda mrefu namna ile.

"Ila hajambo?" aliuliza mwenye saluni, amerudi kwenye povu lake. "Hajapita hapa siku nyingi."

"Mafua," alisema sonara.

Uongo wa kwanza ulikuwa umemponyoka. Huu aliuchagua.

"Poleni. Mwambie namsalimu. Mwambie na kile kiti chake nimekikataza watu."

Muuza vitambaa, mzee mkimya mwenye duka jembamba lililojaa majora mpaka darini, alimpa stuli na kumwambia ambalo hakulitarajia. Mashoto hula chakula chake cha mchana hapo. Mashoto amemwomba amhifadhie chumba cha mbele ya duka, mwakani, akodi. Hata kibao ameshakipanga kichwani, kitaandikwa Sonara na Bintiye.

"Hakukwambia?" aliuliza mzee.

"Hapana."

"Anakuogopa. Anasema utamwambia jina la sonara haliwekwi kwenye duka la waya." Mzee alikunja kitambaa kwa uangalifu, ncha kwa ncha. "Usimwambie kama nimekwambia. Mwache aseme mwenyewe."

"Nitamwacha," alisema sonara.

Alirudi nyumbani bila bangili hata moja. Mkewe alimuuliza alikokuwa, akasema alikwenda kutazama shaba.

*

Kesho yake akatoka tena. Alichukua hereni alizozikuta kwenye droo ya binti, pea mbili tatu, kwa sababu mtu hawezi kuingia dukani mikono mitupu na kuomba asimuliwe habari za mwanawe. Aliacha pea moja kwa muuza viatu, ambaye alimwambia Mashoto hajui kupatana bei, anaona haya, halafu akifika mlangoni anarudi na kupatana tena. Akaacha nyingine kwa muuza manukato. Huyu alilalamika kwamba Mashoto hujipulizia za kujaribu, shingoni na nyuma ya masikio, akidai baba yake hapendi harufu ya shaba. Sonara alisimama hapo akijaribu kukumbuka kama aliwahi kusema hivyo. Aliwahi.

Wote walimsema kama mtu atakayepita kesho. Anapenda, anakuja, anachelewa, ananidai. Nyumbani kwake, tangu mazishi, kila sentensi ilianza na alikuwa. Alijua anafanya jambo baya. Alijua pia kwamba siku mkewe atakaposikia hatamwelewa. Akavaa viatu vyake na kutoka tena, kama mtu anayekwenda kwenye kilabu cha pombe.

Mchana alikaa mezani na shaba. Mkewe alimwona ameinama, taa ya meza imewaka, koleo mkononi, akadhani huzuni imeanza kulegea. Akawa anamletea chai na kufunga mlango polepole. Siku moja alisimama nyuma yake, akamwekea mkono begani, akasema, "Afadhali, baba yake. Afadhali ushike kazi." Sonara hakugeuka.

Kusokota waya kwenda kushoto hakukumshinda. Unabana ncha kwenye jiliwa, unageuza koleo upande usiouzoea, waya hauna ubishi. Lililomshinda ni lingine. Mkono wake ulikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kunyoosha, na kila msokoto uliotoka ulikuwa sawa na mwenziwe. Ya binti ilibana hapa ikalegea pale, kama mtu anayepumua. Alipojaribu kulegeza makusudi ilionekana kazi ya mlevi. Aliharibu nyaya nyingi. Hata shaba yenyewe alinunua mara mbili, kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kodi.

Alhamisi akaacha kuiga. Alisokota bangili zote kwenda kulia, kwa mkono wake mwenyewe, zimenyooka kama kamba ya meli. Aliona amepata njia. Madam atazishika, atasema hii si kazi ya Mashoto, atauliza kulikoni, na yeye atajibu. Kujibu swali kulikuwa ndani ya uwezo wake. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba kazi ya mkono humtaja aliyeifanya, na kwamba hakuna haja ya kupiga kelele juu yake.

*

Ijumaa Madam alizipanga bangili kwenye kaunta, moja moja. Akainua ile pana, akaipima kiganjani, akaigeuza kwenye mwanga. Sonara alisubiri.

"Safi," alisema Madam. "Safi sana."

"Zitazame vizuri."

"Nimezitazama, mzee. Nikwambie kweli, usimwambie nimesema. Zile za kwanza zilikuwa zinayumba kidogo. Wateja wengine walikuwa wanauliza, mbona hii kama imepinda? Hizi zimetulia. Mtoto amekua."

"Hizi zimesokotwa kulia," alisema sonara.

"Eti?"

"Zake huenda kushoto. Hizi zimekwenda kulia."

Madam alimtazama kwa upole wa mtu mwenye wateja wengine wanaomsubiri. "Kulia, kushoto, mteja anatazama inang'aa au haing'ai. Mwambie aendelee hivi hivi." Akahesabu noti, akapunguza mbili. "Hizi za mfuko na utepe, yeye anajua utaratibu. Na kesho saa nne aje mwenyewe. Bi harusi anamtaka yeye, siyo mimi wala wewe."

"Atakuja," alisema sonara, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusema kitu kingine chochote.

Alipita nyuma, kati ya sanamu zisizo na vichwa. Barabarani alisimama muda mrefu akiwa hajui aelekee wapi. Alikuwa ametaka akamatwe. Badala yake amesifiwa, na sifa yenyewe imeandikwa kwa jina la mtoto, na imemwambia kwamba mtoto alikuwa anakosea.

*

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi. Mkononi alikuwa na bangili moja, iliyozidi.

"Hii ya nani?"

"Ya duka."

"Nauliza nani kaisuka."

"Mimi."

"Najua wewe. Mtoto wangu hasuki hivi." Aliigeuza. "Mbona unatengeneza bangili za mwanangu, baba yake? Kuna mtu kakutuma?"

Sonara alikaa kwenye stuli ya wateja. Alimweleza mkewe kuanzia kwenye simu, kwa mpangilio, bila kujitetea, kama anavyoeleza mahali mkufu ulipokatika. Alitaja kazi nyingi, alitaja mafua, alitaja Jumamosi. Alipomaliza, mkewe aliiweka bangili mezani.

"Yaani kuna watu mjini wanadhani mwanangu ana mafua."

"Ndiyo."

"Na wewe unapita kuwasalimia."

"Ndiyo."

"Mimi hapa ndani nafua shuka zake. Sina wa kuongea naye, wewe umegeuka ukuta, kumbe mwenzangu una mtaa mzima wa kuongea nao." Hakupandisha sauti. "Hukuona unichukue?"

Sonara alikuwa amejiandaa kwa matusi.

Jirani alikuwa anaburuta ndoo. Mkewe alifuta vumbi la shaba mezani kwa kiganja, akalikusanya, akalitawanya tena.

"Wanamsemaje?" aliuliza.

"Nani?"

"Hao watu wako. Wanamsemaje?"

Akamwambia. Kujipulizia manukato. Kurudi mlangoni kupatana. Kibao cha duka. Mkewe alimrudisha nyuma kila aliporuka: alisema hivyo lini, alikuwa anacheka au? Huyo mwenye viatu ni yule mrefu? Alipofika kwa mwenye saluni, na jicho moja lililofumbwa, mkewe alitoa sauti iliyoanza kama kicheko, akaizuia kwa mkono.

"Kesho nakwenda na wewe," alisema.

*

"Nyuma," alisema mlinzi.

"Mwanangu," mkewe alimjibu, "leo tunapita mbele." Akapita, na mlinzi akajikuta amewafungulia mlango.

Bi harusi alikuwa amesimama juu ya kiboksi, gauni limemwagika mpaka sakafuni. Alikuwa msichana mdogo, kasimama wima kwa woga wa pini. Shangazi yake alikaa kwenye kiti, pochi mapajani. Madam alifungua mikono.

"Mama Mashoto! Uso ule ule! Na mwenyewe?"

"Lete kwanza bangili," alisema mkewe.

Aliichukua ile pana, akamwambia bi harusi anyooshe mkono, akamvisha. Akaibana taratibu kwa vidole gumba viwili, akazungusha, akabana tena, mpaka ikakaa juu ya mfupa bila kukwaruza. Alifanya kama mtu aliyeona ikifanywa mara nyingi. Mkono wa msichana hakuuachia.

"Uliyemngoja hatakuja, mwanangu," alisema. "Alifariki. Tulimzika mwezi uliopita."

Madam aligeuka kwa sonara. "Mzee, jana si umeniambia..."

"Nilikwambia."

"Umesimama hapo hapo ukaniambia atakuja."

"Ndiyo."

Bi harusi alikuwa anajaribu kutoa mkono wake bila kuonekana anautoa. Shangazi alikwisha kusimama. "Mvue," alisema. "Samahani, mama, poleni sana, lakini mvue mtoto. Hatuwezi kuingia harusini na kitu cha marehemu. Na hizo sita pia sizitaki."

Kila mtu akamtazama sonara, kana kwamba yeye ndiye mwenye ufunguo. Alikuwa nao. Alikwenda kwenye kabati la kioo, akaomba moja ya zile tatu, akarudi, akaiweka kando ya ile iliyo mkononi mwa bi harusi, chini ya taa.

"Hii ni yake," alisema. "Imekwenda kushoto. Tazama hapa, imebana, halafu imelegea. Hii aliyovaa binti yenu nimetengeneza mimi. Imekwenda kulia. Zote saba nimetengeneza mimi. Yeye hajazigusa, wala shaba yake hajaigusa. Niliinunua juzi."

Shangazi aliinama, akatoa miwani kwenye pochi. Madam naye akainama. Ilikuwa mara ya kwanza sonara kuona watu wakizitazama sawasawa bangili za binti yake.

"Kweli," alisema shangazi hatimaye. "Ni mikono miwili tofauti." Akamgeukia bi harusi. "Baki nayo. Haina neno."

Sonara hakumtazama mkewe. Alikuwa ameshinda, na alichoshinda ni kuthibitisha, mbele ya mama yake, kwamba mtoto hayumo.

Madam aliwasindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa amezifunga zile tatu kwenye karatasi laini, akampa mkewe kwa mikono miwili. "Mniwie radhi. Habari zitasambaa, na wateja wangu ndio hao mmewaona. Siwezi kuziweka tena kabatini." Macho yalikuwa yamemlowa kweli. Akamgeukia sonara, akashusha sauti. "Ila hizi zako, mzee, kama utaendelea, mimi nitachukua."

"Sijui," alisema sonara.

*

Walishika barabara. Mkewe alibeba kifurushi kifuani kama anabeba mayai.

"Saluni wanajua?" aliuliza.

"Hawajui. Hakuna anayejua."

"Huko utasema wewe. Mimi zamu yangu nimeimaliza."

"Sawa."

"Lakini usiseme tukiingia tu." Alikuwa anatazama mbele. "Ngoja kidogo. Mwache kwanza anisimulie na mimi."

Sonara alitaka kumwambia kwamba huo ndio mlango alioingilia yeye. Badala yake alimwongoza kuelekea saluni.

Mwenye saluni alikuwa na mteja kwenye beseni, kichwa kimerudishwa nyuma, maji ya bomba yanamwagika. "Leo wamekuja wawili!" alisema. "Mafua yamepona?"

"Nasikia binti yangu anamwigiza baba yake humu ndani," alisema mkewe.

"Mama, na wewe hukusalimika."

"Mimi? Mimi ananiigiza nini?"

"Usinichongee." Mwenye saluni alikuwa ameshaweka mkono kiunoni, ameshainua kidevu. Akachukua bakuli la rangi ya nywele, akaliweka mezani kwa kishindo, kisha la pili, kwa kishindo zaidi. "'Mimi nimekasirika? Nani kasema nimekasirika? Sahani hizi zinajigonga zenyewe. Baba yake! Njoo uone mwanao, anasema nimekasirika!'"

Ilikuwa sauti yake kabisa, hata ule mvuto wa pumzi kabla ya neno "baba yake". Wateja walicheka. Yule wa kwenye beseni alicheka na kichwa chake cha povu, maji yakamwingia sikioni, akacheka zaidi. Mkewe alishika ukingo wa kiti kilichokuwa tupu kando ya kioo, akacheka kwa mwili mzima, kama hajawahi kulia maishani mwake. "Hivyo hivyo," alisema. "Hivyo hivyo kabisa. Na akishasema hivyo, anafanya nini?"

"Anajirusha hapo kwenye kiti, anasema, Mungu aniwekee mama yangu na sahani zake."

Mkewe alitingisha kichwa mara kadhaa. Bado alikuwa anatabasamu alipomgeukia mumewe, na tabasamu lilibaki usoni kwa sababu alikuwa amelisahau. Akamtazama.

Sonara alivua kofia.

"Mashoto amekufa," alisema. "Nilikudanganya. Siku ile nilipokuja hapa tulikuwa tumeshamzika."

Mwenye saluni alikuwa bado ameshika bakuli. "Mzee, mambo hayo hayataniwi."

"Sitanii."

Mwenye saluni alimtazama sonara, kisha mkewe, akarudi kwake. "Mbona ulicheka? Ulisimama hapo, nikamwigiza, ukacheka na sisi."

"Nilitaka umseme."

Mwenye saluni alikitafuta kiti nyuma yake kwa mkono, akakikosa, akakaa sakafuni na aproni yake, bakuli mapajani. Msaidizi wake alizima mashine moja ya kukaushia, kisha nyingine, na wanawake waliokuwa chini yake wakatoa vichwa wakiuliza kuna nini. Mteja wa kwenye beseni alikuwa amebaki na kichwa nyuma, macho kayafumba, hajui kama ainuke, na maji yaliendelea kummiminikia mpaka mke wa sonara alipoweka kifurushi chini, akamkinga paji la uso kwa kiganja, na kuanza kumsuuza povu.

"Tulia, mwanangu," alimwambia. "Lisikuingie machoni."